Alien Nation: uanzie wapi, na je, inaishia njiani?

Mkuu, umeuliza kuhusu Alien Nation, ile hadithi ya Kimarekani ya polisi na wageni kutoka sayari nyingine: uanze na filamu ya 1988 au tamthilia ya televisheni, na kama ni kweli tamthilia inakatika pabaya.

Anza na tamthilia. Filamu ya James Caan na Mandy Patinkin iweke kando kwanza, maana sehemu ya kwanza ya tamthilia inausimulia upya mwanzo uleule: mpelelezi Matthew Sikes wa Los Angeles anauliwa mwenzake, kisha anapangiwa kazi na George Francisco, mgeni kutoka sayari nyingine. Ukiviunganisha viwili hivi kama hadithi moja utachanganyikiwa, kwani waigizaji ni wengine kabisa. Kwenye tamthilia Sikes ni Gary Graham, George ni Eric Pierpoint.

Chombo cha anga cha wageni hao kilitua jangwa la Mojave kikiwa na watumwa robo milioni. Maji ya chumvi yanawaunguza kama tindikali, na kinachowalevya ni maziwa yaliyochacha. Yaani kwao kupiga mtindi ni kupiga mtindi kweli!

Sehemu ni 22, zilirushwa na televisheni ya Fox ya Marekani kuanzia Septemba 1989 hadi Mei 1990. Usiruke, hata ukiona kesi ya siku hiyo imepooza. Kesi huisha ndani ya saa moja, ila mambo ya nyumbani yanaendelea. Mfano "Three to Tango", inayoeleza kwamba kwao mimba inahitaji watu watatu, na mume ndiye anayejifungua. Usipoiona hiyo, "Real Men" itakuwa kichekesho tu, wakati ndiyo sehemu inayomgeuza Sikes: George anashikwa na uchungu, na mkunga ni Sikes.

Sasa hapo pabaya. Sehemu ya 22, "Green Eyes", inaisha mke na binti wa George wakiwa wameambukizwa ugonjwa hatari na wanadamu wanaowabagua wageni. Fox ikafuta tamthilia zake kwa sababu ya bajeti, watu wakabaki wananing'inia zaidi ya miaka minne. Wengi hununua boksi la DVD la 2006, wakifika hapo wanadhani ndiyo basi. Hapana, zipo filamu tano za televisheni, ziko kwenye boksi jingine la 2008. Unganisha siku hiyohiyo na "Dark Horizon" (1994). Itarudia tukio hilo kwa picha mpya, na utaona binti amekua ghafla, vumilia. Kisha "Body and Soul" (1995), "Millennium" na "The Enemy Within" (zote 1996), na "The Udara Legacy" (1997).

Kwangu "The Enemy Within" ndiyo kali kuliko zote tano. Kwa miaka yote mbaguzi alikuwa Sikes; humo George ndiye anayewanyanyapaa Waeeno, kundi la wageni wenzake wanaoishi kwenye mitaro ya majitaka, na Sikes ndiye anayelazimika kumkemea. Filamu ya 1988 itazame baada ya hapo, ukipenda.