Unatafiti Mwinyi Mkuu wa Unguja? Anzia 1873

Wengi wanaoandika historia ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa wenyeji wa Unguja, huanza na Washirazi na majahazi kutoka Uajemi, wakafika Kizimkazi, wakaishiwa pumzi kabla ya kuiona Dunga. Igeuze safari. Anzia pale cheo kilipokatika, mwaka 1873, urudi nyuma mtawala mmoja mmoja, na usimwendee baba kabla hujamaliza na mtoto.

Wa mwisho ni Ahmed bin Muhammad, aliyekufa kwa ndui 1873 bila mtoto wa kiume. Kabla yake ni baba yake, Muhammad bin Ahmed, aliyejenga jumba la Dunga, kwenye njia ya Chwaka, akafariki 1865. Yasome tena majina hayo. Msomaji wa haraka huwafanya mtu mmoja, au akampa mtoto jumba la baba. Kila mtawala mfungulie karatasi yake: jina lake, la baba, la babu, mwaka wa kufa, na ulikoupata mwaka huo. Mwaka wa kutawazwa uache wazi mpaka upate ushahidi, maana si lazima mtoto akalie kiti siku ile ile aliyozikwa baba.

Tarehe ndizo zinazowaumbua watu. Hati ikitaja mwaka wa Hijria, uzidishe kwa 0.97 kisha ujumlishe 622. Kwa 1281 utapata 1864 na kitu. Mwaka huo wa Hijria ulianza Juni 1864 ukaisha Mei 1865, kwa hiyo kama hati haina mwezi, andika 1864/65 na uishie hapo. Ukichagua mmoja kwa kukisia, atakayenakili kwako ataueneza kama kweli.

Ukifika mwishoni mwa karne ya 17 utamkuta Malkia Fatuma, aliyeshikamana na Wareno. Baada ya Waomani kuiteka Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1698, alichukuliwa Muscat, akarudishwa baadaye, na mwanawe Hassan akamrithi. Basi mti wa ukoo wenye wanaume watupu haukamiliki, hata ukiwa umechorwa kwa wino wa dhahabu.

Swali gumu ni kwa nini cheo kilikufa. Jibu la kukosa mrithi ni jepesi mno. Chini ya Seyyid Said, sultani kutoka Omani, Mwinyi Mkuu alibaki na Wahadimu, wenyeji wa Unguja: kuwakusanyia kodi, kuwatoa kwenda kazini, kuamua mambo yao. Bandari, forodha na biashara ya mji vilikuwa kwa Mbusaidi, ukoo wa masultani hao. Kwa hiyo usiulize tu nani aliitwa mkuu. Fuata fedha: nani aliipokea kodi, ikaishia kwa nani. Kufikia 1873 Seyyid Barghash, sultani wa wakati huo, hakuwa na haja ya kumtafutia kiti hicho mwenyewe mwingine.

Kwenye vifaa vya enzi, angalia picha unazochukua. Siwa, yaani baragumu la enzi, ya pembe ya ndovu ni ya Pate, ya shaba ni ya Lamu. Ya Mwinyi Mkuu ni ya mti, na ilikuwa na ngoma zake. Usiibandike ya Pate juu ya habari za Dunga.

Kwenye nyaraka, tafuta kwa tahajia zaidi ya moja: Mwinyi, Mwenyi, Muinyi, Mkuu, Mku. Wazungu waliandika walivyosikia, na ubalozi wa Uingereza ulioanza Unguja 1841 ulipitia mikono mingi.

Ukienda kwa wazee wa Makunduchi au Dunga, ficha orodha yako. Salimu, kaa, kisha uliza baba yake nani, mama yake nani, kazikwa wapi. Ukitanguliza majina uliyoandika, mzee kwa adabu yake atakwambia ndiyo, ndiyo, na utarudi na orodha yako mwenyewe. Umuulize pia upande wa kike, kwa kuwa cheo kukoma si ukoo kukoma, na wajukuu wa mabinti huenda wanajua makaburi ambayo hayakuandikwa popote.