Maji tuliyachemsha, kipindupindu kikaingia vilevile

Agosti 2015, kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam, mimi sikuwa na wasiwasi. Tulikuwa wapangaji, kaya sita nyumba moja, choo kimoja uwani, lakini mke wangu alikuwa akichemsha maji kila jioni bila kukosa. Nikaona sisi tumeshamaliza kazi.

Wiki chache baadaye mdogo wangu, aliyekuwa akikaa nasi, aliamka alfajiri anaharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele. Kufika saa tatu asubuhi macho yameshazama, na ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Mama akakataza asipewe maji, eti ataharisha zaidi. Kosa kubwa! Kinachoua ni kukaukiwa. Lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe kidogo kidogo huku mnampeleka hospitali. Kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu walimlaza kwenye kitanda chenye tundu katikati, ndoo chini, dripu baada ya dripu. Alipona.

Mimi nikabaki na swali: kimeingilia wapi?

Jibu nililipata kwa bibi afya aliyekuja kupulizia dawa chooni. Aliomba maji ya kunywa. Mwanangu, wakati huo ana miaka mitano, akakimbilia ndoo, akazamisha kikombe cha plastiki mpaka vidole vikalowa. Bibi afya akakipokea, asinywe.

“Baba, maji haya mmechemsha?”

Tumechemsha, nikasema.

“Na vidole vya mtoto, navyo mmevichemsha?”

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, hutoka na kinyesi, na wengi walioambukizwa hawaumwi hata tumbo, ila huendelea kuwatoa kwa siku kadhaa. Yaani mpangaji mwenzako mzima wa afya anatoka chooni, anashika kitasa, mtoto wako naye anashika, kisha huyo anakwenda kuchota. Moto umeua vijidudu vya jana. Vya leo vimeingia na kikombe. Hapo kidonge cha klorini kinauzidi moto, kwa sababu dawa hubaki ndani ya maji ikiendelea kuua kwa muda. Fuata tu maelezo ya pakiti, idadi ya lita na dakika za kusubiri, na kama maji ni ya tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

Siku ile ile nilinunua ndoo yenye koki na mfuniko. Kati ya yote niliyofanya, hiyo ndiyo naipa namba moja. Hakuna mkono unaoingia, basi. Chooni tukatundika kibuyu chirizi, yaani kidumu chenye tundu, na sabuni kwenye kamba ili isiibiwe (iliibiwa mara mbili). Chakula tukala cha moto, kachumbari tukaiacha mpaka mlipuko upite. Kuhusu wanaotapisha vyoo, yaani wanaofungulia kinyesi kitoke na maji mvua ikinyesha, nimegombana na jirani hadi kwa mjumbe, na ningegombana tena: kile kinyesi kinateremka moja kwa moja kwenye visima vya walio bondeni.

Lililonishinda muda mrefu ni beseni. Mnalijua: msibani linapitishwa, watu kumi wananawa maji yale yale, wa mwisho ananawa uchafu wa tisa, kisha wote mkono kwenye sinia moja la pilau. Kunawa ni maji yanayotiririka na sabuni, si kuchovya.

Juzi nilikwenda msibani na jagi na kipande cha sabuni. Shangazi mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba siku hizi najidai. Nilipomfikia nikainamisha jagi. Akaniangalia, akaangalia lile beseni, akakunja ushungi na kukinga mikono.