Keki ya matabaka matatu ya chokoleti na machungwa kwa anayeokea makala (makaa) Bukavu

Dada uliyeuliza kwa nini keki yako ilibonyea katikati ilhali ulifuata maelekezo ya mtandaoni neno kwa neno, na kama inawezekana kuitengeneza upya kwa Pasaka, safari hii yenye matabaka matatu, ukiwa na mbabula (jiko la makala) peke yake: inawezekana. Nakujibu kama mtu aliyeharibu keki nyingi kabla ya kupata moja ya kupeleka mezani.

Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa huo, na wengi wetu hapa Bukavu tunaishi vilimani juu ya ziwa, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi, gesi inayotolewa na levire (poda ya kuumulia keki, baking powder) hutanuka haraka kuliko mwandishi wa maelekezo alivyotarajia, keki hupanda kwa pupa kabla mayai na unga havijakaza, kisha hushindwa kujibeba na kuanguka katikati. Kwa hiyo usimlaumu muuza unga wala usiongeze levire, kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya mara tatu mfululizo. Ipunguze kwa robo, ongeza yai, na sukari isiupite unga kwa uzito.

Shida ya pili ni ya matabaka yenyewe. Mwaka wa kwanza nilipojaribu, ilikuwa kwa ajili ya mtoto wa dada yangu aliyebatizwa katika misa ya mkesha wa Pasaka. Nilikuwa na chombo kimoja tu cha kuokea, cha sentimita 20, nami nikachanganya kila kitu katika beseni moja nikidhani naokoa muda. Tabaka la kwanza lilitoka zuri, la pili likatoka fupi, na la tatu, ambalo lilikuwa limesubiri katika beseni zaidi ya saa moja, lilishikamana kama kipande cha sabuni. Levire huanza kazi pale inapokutana na majimaji, haingoji zamu yake ya kuingia motoni. Tangu siku hiyo nachanganya kila tabaka peke yake, wakati lililotangulia likiwa bado linaiva.

Vipimo vya tabaka moja ni hivi: unga wa ngano gramu 100, kakao gramu 25, sukari gramu 100, mayai 2, mafuta ya kupikia mililita 60, maziwa mililita 80, chumvi kidogo sana, na levire gramu 3, ambayo ni kijiko cha chai kisichojaa. Usiku wa kuamkia siku ya kuoka napima unga, levire na chumvi katika vifuko vitatu, kila kifuko cha tabaka lake. Kakao siichanganyi na unga. Naimwagia maziwa ya moto na kuikoroga mpaka iwe uji mzito unaong'aa, kwa sababu joto hilo ndilo linaloamsha harufu yake, kisha nauacha upoe ili usiyapike mayai. Mayai na sukari nayapiga kwa mkono mpaka yawe meupe na mazito, namimina mafuta polepole, naongeza ule uji wa kakao, na unga unaingia mwisho kwa mwiko, bila kupiga tena. (Inaniuma kidogo kwamba kakao inalimwa Beni, katika mkoa jirani, nami nanunua ya kopo iliyotoka ng'ambo.)

Sasa machungwa. Wengi humimina juisi kwenye keki, kisha hushangaa kwamba hawasikii ladha yoyote, kwa kuwa juisi ni maji na ukali tu, na kakao huimeza. Ladha inayokaa imo katika mafuta ya ganda la juu. Nachagua machungwa sita yenye ganda zito sokoni Kadutu, bila kujali kwamba ni ya kijani, maana katika nchi zetu zisizo na usiku wa baridi kali chungwa huweza kuiva kabisa likabaki kijani. Nayasugua kwa maji ya uvuguvugu, nayakwaruza kwa upande wa kikwaruzo wenye meno madogo na kusimama mara tu ninapouona weupe, kwa kuwa ule weupe ni uchungu mtupu. Yale makwaruzo nayafikicha ndani ya sukari kwa vidole mpaka sukari ilowe kidogo na kubadilika rangi. Ukifika hapo utajua, kwa sababu nyumba nzima itanukia na watoto watakuja kuuliza. Chungwa moja ni la sukari ya kila tabaka, na ganda la yale mengine matatu nalihifadhi kwa krimu na kwa kifuniko cha chokoleti.

Kuhusu moto: hata aliye na jiko la umeme asilitegemee Jumamosi Kuu, siku ambayo kila nyumba inapika. Natumia sufuria nzito yenye mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, vijiwe vitatu juu ya mchanga, chombo cha keki juu ya vijiwe, na kifuniko bapa cha chuma kinachobeba makala. Makala ya chini yawe machache, ya juu yawe mara mbili yake. Sufuria naipasha moto kwa dakika 20 kabla ya kuanza, kisha natia ndani karatasi iliyonyunyiziwa unga. Ukigeuka kahawia hafifu kwa dakika 5, nipo tayari, na ukiungua nayatoa makala mawili. Tabaka huiva kwa dakika 25 hadi 30. Usifunue kabla ya dakika 20, hata kama mama mkwe amesimama nyuma yako akisema anasikia harufu ya kuungua.

Matabaka yakishapoa kabisa, nachemsha juisi ya machungwa mawili na vijiko vitatu vya sukari, nayalowesha kwa kijiko, kidogo kidogo, kwa kuwa keki ya huku juu hukauka upesi. Krimu ya katikati ni siagi gramu 200 iliyopigwa na sukari ya unga gramu 300 na ganda la machungwa mawili. Hapa hakuna maajabu.

Kifuniko cha chokoleti kinahitaji uangalifu zaidi. Krimu nzito ya maziwa ni ghali na huharibika, kwa hiyo natumia maziwa mililita 80, siagi gramu 50 na chokoleti nyeusi gramu 200 iliyokatwakatwa. Maziwa nayachemsha na ganda la chungwa la mwisho, nayachuja, nayamwaga juu ya chokoleti na siagi kwa mara moja, nangoja dakika mbili, ndipo nakoroga kutoka katikati kwenda nje. Usithubutu kudondoshea juisi chokoleti iliyoyeyuka, kwa sababu matone machache tu ya maji huifanya igande na kuwa chembechembe kama mchanga wa mto.

Oka Jumamosi asubuhi, panga jioni, na keki ilale usiku mmoja mahali pa baridi, maana kesho yake chungwa na kakao vitakuwa vimezoeana. Kama utaipeleka kwa motari (bodaboda), choma vijiti vitatu virefu vya mianzi kutoka juu hadi chini kabla ya kumwaga chokoleti. Ya kwangu iliteleza kwenye mteremko, tabaka la juu likafika mtaa wa Nguba likiwa limeegemea ukuta wa kartoni. Na vijiti hivyo vihesabu unapokata, visije vikaishia kwenye sahani ya mtoto.