Mama mkwe wako anaujua ule ukuta

Msomaji wetu wa Mji Mkongwe, Unguja, ana miaka 34 na yuko mwaka wa sita wa ndoa. Anaishi na mumewe na watoto wawili ghorofa ya chini ya nyumba aliyoiacha marehemu baba mkwe. Mama mkwe yuko juu. Mwaka jana msomaji wetu alikopa milioni tatu kwenye kikoba, akapiga lipu ya saruji sebuleni na kutandika marumaru. Mwaka huu alileta fundi avunje ukuta wa kati ili jiko na sebule viwe kitu kimoja. Mama mkwe akamrudisha fundi mlangoni, na mume akanyamaza. Anauliza: "Shangazi, nimwambie mume wangu auze tukajenge Fumba, au niondoke na wanangu? Huyu mama hapendi maendeleo, na mume wangu hatoi hata shilingi."

Mwanangu, pole. Kufagia mchanga wa ukutani asubuhi na jioni kunachosha, na kutaka sebule ya kukaribishia wageni si kosa. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu ndipo nilipoiona sentensi uliyoipitisha mbio katikati ya malalamiko: "Tangu nipige lipu unyevu umepanda hadi chumbani kwake, naye ananisingizia mimi." Hakusingizii. Ni wewe.

Nyumba za kale za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ukuta wake hunywa maji ya ardhini kisha huyatoa kwa uso wake, kidogo kidogo, mwaka mzima. Chokaa huyapa njia. Saruji huyafungia. Maji yaliyofungiwa chini hupanda, yakibeba chumvi, mpaka yapate pa kutokea, na kwenu yametokea chumbani kwa mama wa watu. Njiani yanapita kwenye vichwa vya boriti za mkoko, pale zinapoingia ukutani. Mkoko ni mti mgumu, lakini kichwa chake kikikaa na maji huoza, tena huoza ndani ya ukuta, mahali usipopaona. Na boriti hizo ndizo zinazobeba kitanda cha mama mkwe wako. Wewe umepamba chini, yeye analala juu ya pambo lako. Ungekuwa wewe, fundi yule wa pili ungemfungulia mlango?

Huo ukuta wa kati nao si pazia. Umeshajiuliza kwa nini vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba? Upana wake umekatwa kwa urefu wa boriti. Boriti za chumba hiki na za chumba cha pili zote zimeulalia ukuta huo huo. Ukiuvunja umeondoa mgongo. Beit al Ajaib, jumba la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati, na mji mzima uliona. Lile ni jumba la Sultani, lenu ni la watu wa kawaida na milioni tatu za mkopo. Isitoshe, Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kugusa jengo lake kunataka kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji. Katika barua yako yote neno kibali sikuliona.

Sasa hilo la kuuza. Umeandika kwamba marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, na urithi haujagawanywa. Chukua kalamu. Kwa mirathi ya Kiislamu, kama hakuna deni, wasia wala mrithi mwingine, igawe nyumba mafungu 32. Mama mkwe wako ana thumuni yake, mafungu 4. Mumeo ana 14. Kila wifi yako ana 7. Jumlisha uone kama zimetimia 32, kisha ulitafute fungu lako. Halimo. Hata mumeo hafiki nusu, na wewe unamtaka auze! Kimya chake unakiita udhaifu. Mimi nakiita kimya cha mtu anayejua kwamba kitu si chake peke yake, na hajui amweleze vipi mkewe bila ya kugombana.

Na hilo la kutotoa hata shilingi, mwanangu, mstari wa chini yake umeandika kwamba ada, chakula na umeme analipa yeye. Basi hizo si shilingi? Alichokataa kukulipia ni saruji. Tena sidhani kama alikataa, kwa sababu sioni mahali uliposema kwamba ulimwomba. Naona mahali uliposema kwamba alirudi safari akakuta sebule imeshabadilika. Nina hakika kubwa kwamba hata deni la kikoba hajui ni kiasi gani.

Hili silisemi kwako peke yako. Barua za namna hii zinanijia kila mwezi, na zinaniuma. Siku hizi mtu huolewa huku ana nyumba ya pili kichwani, ameiona kwenye simu, kuta nyeupe na jiko la wazi, na ile anayoingizwa huihesabu kituo cha basi. Wazee anaowakuta ndani huwaona ni vizuizi. Zamani bibi harusi alikaa miezi akijifunza nyumba: maji huingilia wapi mvua ya kusi ikipiga, ngazi ipi imelegea, mlango gani haufungwi mpaka uuinue. Aliyemfundisha ni mama mkwe, na katika mafunzo hayo wakazoeana. Leo hatuulizi, kwa hiyo hatuzoeani, kisha tunaandika kwamba hatupendwi. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na wewe umelala humo miaka sita tu. Mama mkwe wako, kwa hesabu yako mwenyewe, ana miaka 41 humo. Wanaume nao nawalaumu: mumeo angefungua mdomo siku ya kwanza, lipu ile isingepigwa.

Fedha yako iliyobaki itumie hivi. Anza juu. Bati linalovuja na mfereji ulioziba vinaharibu zaidi kuliko jambo lolote uliloniandikia, na ni kazi ya bei nafuu. Kisha fundi mwashi aliyezoea nyumba za mawe, si yule wa matofali, agonge vichwa vya boriti kimoja kimoja na kusikiliza mlio. Kilichooza kibadilishwe kabla ya rangi yoyote. Halafu saruji yako ibanduliwe taratibu kwa patasi na ukuta uachwe wazi ukauke, hata miezi, na vumbi lake ulivumilie. Lipu mpya iwe ya chokaa iliyolowekwa muda mrefu, ipigwe nyembamba tabaka kwa tabaka, ifunikwe magunia mabichi isikauke kwa pupa. Kipupwe ni wakati mzuri, masika usithubutu. Chumba kimoja kwa mwaka kinatosha. Wifi zako wachangie, kwa sababu wao wana mafungu 14 baina yao, sawa na kaka yao.

Umelalamika pia kwamba mama mkwe amefungia stoo ya uani na hataki ufungue "mapipa yake ya uchafu mweupe". Umesema baba mkwe alikuwa akikarabati nyumba kwa mkono wake. Mwanangu, uchafu mweupe uliolowekwa ndani ya pipa na mtu wa aina hiyo nadhani ni chokaa, na ikiwa haijakauka, kadiri ilivyokaa ndivyo ilivyo bora. Amekutunzia kitu ambacho ungekwenda kukinunua.

Leo usiku mwambie mumeo kiasi cha deni, chote, bila kukipunguza. Kesho baada ya alasiri panda ngazi na chai, mwombe radhi mama kwa unyevu wa chumba chake, umuulize ndani ya mapipa yale mna nini.