Amul ni mali ya wafugaji, siyo ya tajiri

Mkuu, aliyekwambia Amul, ile kampuni ya maziwa ya India, ni ya tajiri wa Mumbai kakuchanganya. Ni ya wafugaji wa jimbo la Gujarat, ilianzia mji wa Anand. Enzi hizo kampuni ya Polson ndiyo ilikuwa inanunua maziwa yao kwa bei ya kutupa na kuyapeleka Bombay (ndiyo Mumbai ya leo). Mwaka 1946 wafugaji wakagoma kuiuzia Polson, na Desemba hiyohiyo wakasajili ushirika wao, mwenyekiti Tribhuvandas Patel.

Ila mgomo peke yake usingewafikisha mbali. Kilichowainua ni kiwanda cha 1955 kilichotengeneza unga wa maziwa ya nyati wa kufugwa, kitu ambacho wataalamu wa Ulaya walidai hakiwezekani. Maziwa ya ziada ya msimu wa baridi yakaacha kuharibika. Na kijijini hakuna longolongo: unapeleka ndoo asubuhi na jioni, mafuta yanapimwa, unalipwa kwa kipimo hicho. Ukichakachua na maji unajipunja mwenyewe.

Mwaka 1970 mfumo huo ukaanza kusambazwa India nzima. Hata Tanga Fresh tunayonunua hapa Dar, ushirika wa wafugaji wa Tanga una hisa zake, ingawa si kampuni yote.