Jibu: Kwa nini shule za mkataba za Marekani zinapingwa

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini shule za mkataba (charter schools), yaani shule za umma zinazojiendesha zenyewe, nchini Marekani hupingwa vikali ilhali hazitozi ada na mtoto yeyote anaruhusiwa kuomba nafasi. Kiini cha ugomvi ni fedha. Tangu jimbo la Minnesota lilipopitisha sheria ya kwanza ya kuziruhusu mwaka 1991, shule hizi huendeshwa na bodi zake zenyewe kwa fedha za umma, na kwa kawaida mgawo wa fedha hizo humfuata mwanafunzi anakohamia. Wakiondoka watoto wawili watatu katika kila darasa, shule ya wilaya, yaani shule ya kawaida ya umma, hupungukiwa mapato, lakini mshahara wa mwalimu, mafuta ya basi na matengenezo ya jengo hubaki palepale. Hoja hiyo ilivuma sana katika jimbo la Massachusetts mwaka 2016, pale takriban asilimia 62 ya wapigakura walipokataa shule hizo ziongezwe. Hata hivyo, siwezi kuwalaumu wazazi wa Boston, mji mkuu wa jimbo hilo, wanaozitetea, kwani tafiti zilizowalinganisha watoto walioshinda bahati nasibu inayogawa nafasi za kujiunga na wale walioikosa zilionyesha washindi wakipiga hatua kubwa, hasa katika hisabati. Binafsi naamini watetezi wangesikilizwa zaidi iwapo wangedai, sambamba na shule mpya, fidia ya kutosha kwa wilaya zinazopoteza wanafunzi.