Kwa nini wazee bado wanamsifu Amin?

Ndugu, umeuliza inakuwaje babu yako wa Jinja amsifu Idi Amin ilhali shuleni mnafundishwa kwamba alikuwa muuaji. Babu hadanganyi. Januari 25, 1971, Amin alipompindua Rais Milton Obote, watu walijaa barabarani Kampala wakishangilia, maana Obote alikuwa amewachosha. Agosti 1972 Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke, maduka yakagawiwa, mengi kwa wanajeshi. Aliyeokota duka atamsemaje vibaya? (Ila muulize baadaye, sukari ilipoadimika, ilipatikana wapi.)

Ila waliothubutu kumpinga! Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu, mchana kweupe, hakurudi. Februari 1977, baada ya maaskofu kumwandikia barua kulalamikia mauaji, Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa pamoja na mawaziri Oryema na Oboth Ofumbi. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Jeneza lilipofunguliwa kijijini Mucwini, watu waliona matundu ya risasi.

Mama yangu ni Muganda. Mpaka leo nikitania mlangoni, "Fungua!", anashtuka: Kiswahili alikijua kwanza kutoka kwa askari.